Mwaka Tuliokosa la Kuuliza

Wasomaji wa nchi nyingine, ambako watu husema tu wanachofikiri bila utaratibu, watanivumilia nikieleza kwanza mambo yanavyokwenda kwetu. Katika Jamhuri ya Utengamano maoni ni mali ya serikali, kama misitu na madini, na huvunwa mara moja kila baada ya miezi mitatu na Ofisi ya Taifa ya Kura za Maoni. Mimi nimekuwa karani wa ofisi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Naandika kumbukumbu za vikao na kupiga chapa nyaraka. Sina chama wala kinyongo, na haya ninayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Mkuu wa Kitengo cha Uteuzi wa Maswali wakati huo alikuwa Bi Sikudhani Malewa, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mpole wa sauti, aliyesomea takwimu na akaziamini. Yeye ndiye aliyependekeza ni kinyang'anyiro gani cha siasa kipimwe na ni suala gani wananchi waulizwe. Kiti hicho alikirithi kwa Bwana Tegemea Luvanda, ambaye aliwahi kuchagua kupima umeya wa mji mkuu, na mgombea wa chama tawala akaonekana wa pili. Serikali haikumwadhibu. Ilimpa likizo ya masomo. Masomo hayo yalikuwa yameingia mwaka wa sita, na mkewe alikuwa bado anatuandikia barua kuuliza jina la chuo.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa wabunge, mameya na madiwani. Kwa mujibu wa sheria ilikuwa lazima kura ya maoni itangazwe kabla ya Sikukuu ya Ridhaa, siku ambayo wananchi husherehekea kukubali kwao. Basi tukaitwa kikao cha kuamua ni nini kiulizwe.

*

Kamati ya Uteuzi ilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Maoni na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kornelio Shangali, mtu mnene anayehutubia hata anapoomba sukari. Mjumbe wa pili alikuwa Kanali mstaafu Lukwaro, aliyewakilisha usalama. Yeye alizungumza kidogo, na wenzake walipokuwa wakiongea alifuta miwani yake kwa kitambaa. Wa tatu ni Bi Sikudhani. Mimi nilikaa pembeni na daftari.

Kanuni ya saba inasema mlango wa kikao ufungwe kwa ufunguo mpaka uamuzi upatikane, ili maoni ya nje yasiingie yakachafua ya ndani. Ufunguo hukaa kwa Kanali. Chakula hupitishwa dirishani. Tulifungiwa Jumatatu asubuhi.

"Ndugu wajumbe," Waziri alianza, akasimama ingawa tulikuwa wanne tu, "taifa changa hujibu. Taifa lililokomaa huuliza. Na sisi tumekomaa. Bi Sikudhani, tuletee hayo maswali."

Bi Sikudhani alikuwa na orodha ya vinyang'anyiro kumi na kimoja na masuala tisa.

"Cha kwanza ni umeya wa mji mkuu, Mheshimiwa. Ndicho kinachozungumzwa zaidi."

"Kama kinazungumzwa, basi kinajulikana. Hatuwezi kuuliza kinachojulikana. Kifute."

"Cha pili ni ubunge wa Kilima Kidogo. Huko watu hawazungumzi kabisa."

"Huko kuna utulivu," akasema Kanali. "Tusiuguse."

"Cha tatu ni ubunge wa Mawe Matatu."

Hapo Waziri alitabasamu, kwa kuwa mgombea wa Mawe Matatu alikuwa shemeji yake, na tena hakuwa na mpinzani. Mpinzani alikuwa amesahau kurudisha fomu, na kwa bahati mbaya alisahau akiwa ndani ya kituo cha polisi.

"Hicho hakina hatari," akasema Waziri. "Mgombea ni mmoja. Tupime hicho."

Bi Sikudhani aliinamisha macho. "Tulifanya majaribio, Mheshimiwa. Alipata asilimia arobaini na moja."

Kanali akaacha kufuta miwani.

"Na hao wengine?" akauliza.

"Walisema hawajui, Afande."

"Hawajui nini?"

"Hawajui watamchagua nani."

Kanali akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Waziri akasema Mawe Matatu ni jimbo la mbali na simu zake hazisikiki vizuri, na likafutwa.

Kufikia Jumanne mchana vinyang'anyiro vyote kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha. Kimoja kilifutwa kwa sababu matokeo yake yangekuwa mabaya. Kingine kilifutwa kwa sababu matokeo yake yangekuwa mazuri mno, na Mtukufu Rais hapendi mtu mwingine apendwe kiasi hicho. Tukahamia kwenye masuala. Maji yalifutwa kwa kuwa kuwauliza watu kuhusu maji ni kuwakumbusha. Bei ya unga ilifutwa kwa kuwa swali lingewapa watu wazo kwamba bei inaweza kuwa nyingine. Tulipofika kwenye umeme, umeme ulikatika, na Waziri akaniagiza niandike kwamba taa zilipumzika. Nikaandika hivyo.

Usiku tulilala kwenye makochi. Jumatano asubuhi Bi Sikudhani alikuwa amevua viatu, macho mekundu. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, asiyeona vizuri, na hakuwa amepata njia ya kumjulisha kwamba harudi. Alimwomba Kanali ruhusa ya kupiga simu.

"Kikao kikiamua, mlango utafunguliwa," Kanali alimjibu kwa upole.

"Lakini hakuna kilichobaki cha kuamua, Afande. Mmefuta vyote." Akaisukuma ile karatasi katikati ya meza. "Labda twende tukawaulize wananchi wenyewe wanataka waulizwe nini."

Mimi nilikuwa karibu naye, na naweza kushuhudia kwamba alisema hivyo kwa uchovu. Lakini Waziri alisimama taratibu kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Ndugu wajumbe, mnasikia? Mwananchi kuwa mmiliki wa swali. Hakuna nchi duniani iliyofika hapo."

"Na swali likiwa baya," akauliza Kanali, "tutasema nani aliuliza?"

"Wananchi," akajibu Waziri.

"Basi wa kuwajibika yupo," akasema Kanali, na akatoa ufunguo mfukoni.

*

Kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba ilisimamiwa na Mzee Hamduni Chitete, mkuu wa wahojaji, mtu mwembamba aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyevaa kofia moja katika misimu yote. Alikuwa na wahojaji arobaini. Bi Sikudhani akaamua kwenda nao, na mimi nikachukuliwa kubeba fomu.

Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kisayansi, na orodha ya nyumba hizo ikawekwa katika kabati la chuma ofisini kwa Bi Sikudhani. Kwenye fomu yenyewe hakuna jina. Katika kila mlango tuliofika Bi Sikudhani alisimama akaweka mkono kifuani na kusema, "Naapa jina lako halitatoka." Kisha akauliza lile swali moja: serikali ikija kukuuliza, ungependa ikuulize nini?

Siku ya kwanza watu walimtazama yeye, wakatazama gari, wakasema wangependa kuulizwa chochote serikali itakachoona kinafaa. Siku ya pili pia. Siku ya tatu, katika mji wa Kibaoni, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa anasahihisha madaftari barazani alivua miwani.

"Umeapa kweli?"

"Nimeapa, mwalimu."

"Basi naomba niulizwe kama Mtukufu aendelee au apumzike. Jibu lake ninalo tangu binti yangu wa kwanza alipozaliwa. Sasa ameolewa."

Bi Sikudhani akaandika. Nyumba iliyofuata mwenye duka la nyama alisema hilo hilo. Iliyofuata vilevile. Hawakuwa wameambizana. Walisema polepole na kwa adabu, kama mtu anayeagiza kitu asichotarajia kukipata.

Naomba nieleze kwamba kiti cha Mtukufu hakishindaniwi. Katiba, ibara ya kwanza, inasema hivyo, na ibara ya pili inakataza kuisoma ya kwanza kwa sauti.

Baada ya wiki mbili tulikuwa na fomu elfu moja mia mbili na nne. Tulizihesabu mara tatu. Sitini walitaka kuulizwa kuhusu maji. Arobaini na sita walitaka kujua kama tumewaletea khanga. Mmoja alisema angependa aulizwe hali yake tu. Waliobaki, watu elfu moja na tisini na saba, walitaka swali lile la yule mwalimu.

Mzee Chitete alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mama," akasema, "asilimia tisini na moja."

"Naiona."

"Tunaweza kukosea mahali. Hesabu ni nyingi. Nani atajua?"

"Wewe utajua, Mzee Chitete. Na mimi nitajua. Na hawa wote watajua." Akaweka mkono juu ya lundo la fomu. "Nimewaapia."

"Uliwaapia kuhusu majina. Kuhusu majibu hukuwaapia."

Alizifungia fomu akaenda nyumbani. Siku tatu alikuja ofisini, akakaa mbele ya zile hesabu bila kuandika taarifa wala kubadilisha chochote. Nadhani alikuwa anasubiri kuona atafanya nini.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeshapiga chapa matokeo. Kanuni inataka nakala tatu, moja ya ofisi, moja ya kumbukumbu na moja ya Kanali Lukwaro. Nilizipeleka kwa wakati.

*

Kikao cha pili hakikuhitaji kufungwa mlango, maana hakuna aliyethubutu kusogea. Waziri alisoma ile karatasi, akaigeuza kutazama nyuma, akaisoma tena.

"Haya si maoni," akasema hatimaye. "Haya ni matatizo ya kusikia. Mwananchi wetu amesema kitu kizuri na mhojaji amesikia kingine. Tukiitangaza karatasi hii tutakuwa tumemsingizia mwananchi, na mimi siwezi kumsingizia mwananchi."

"Tuwahakiki," akasema Kanali.

"Kuwahakiki vipi, Afande?" akauliza Bi Sikudhani.

"Waje mmoja mmoja pale kwenye uwanja wetu, waseme tena walichosema. Aliyesikiwa vibaya atasahihishwa, kisha atarudi kwake."

"Fomu hazina majina."

"Lakini orodha ya nyumba ipo. Kwenye kabati lako la chuma, rafu ya chini." Akavaa miwani akamtazama. "Ijumaa saa tatu asubuhi, Bi Sikudhani. Uje nayo."

Ilikuwa Jumatano. Siku ya Alhamisi Bi Sikudhani na Mzee Chitete walikaa mbele ya kabati hilo likiwa wazi. Mimi nilikuwa mezani kwangu napanga mafaili, na hawakuniomba nitoke. Watu husahau kwamba karani ana masikio.

"Tuichome," akasema Bi Sikudhani.

"Tukiichoma watachukua mitaa mizima. Magari yetu waliyaona yalikosimama."

"Tuwape orodha ya uongo."

"Hiyo itakuwa ya watu wengine, mama, na hao wengine nao wana milango."

"Basi mimi niondoke. Nikiwa sipo, hakuna wa kufungua kabati."

Mzee Chitete alikuna kidevu. "Hati yako ya kusafiria iko wapi?"

Hati za kusafiria za watumishi wote wa ofisi yetu huhifadhiwa kwa Kanali, ili zisipotee. Bi Sikudhani alilijua hilo. Tena alikuwa na mama asiyeona, ambaye huwezi kumvusha mpakani kwa kumshika mkono. Alikaa kwenye kiti akayatazama madaftari ya orodha, yenye namba za nyumba, rangi za milango na maelezo kama "karibu na mashine ya kusaga." Elfu moja mia mbili na nne. Baada ya muda mrefu alisema, "Ningekuwa sijaenda kabisa, ingekuwaje?"

Mzee Chitete alimwangalia.

"Sijakuelewa, mama."

"Hukuelewa, ni sawa. Nenda nyumbani. Na kesho usije."

*

Ijumaa saa tatu kasoro dakika tano Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuketi, orodha ikiwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa lakiri. Waziri alipoingia alisimama.

"Mheshimiwa, nina jambo la kukiri. Hakuna wa kuhakikiwa. Sikwenda popote. Fomu zote nilizijaza mwenyewe."

Waziri akaketi bila kuangalia kiti kiko wapi, na bahati nzuri kilikuwepo.

"Zote elfu moja mia mbili na nne?" akauliza Kanali.

"Zote, Afande."

"Huyu mwalimu wa Kibaoni?"

"Nilimtunga."

"Na huyu anayetaka aulizwe hali yake?"

"Huyo ni mimi," akasema.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilichoka na safari."

Kughushi maoni ya umma ni kosa lenye kifungo cha miaka kumi na minne, na Bi Sikudhani alikuwa amekuja na kimkoba chenye mswaki na blauzi moja. Nilikiona chini ya meza. Alikuwa ameshampeleka mama yake kwa dada yake. Alisimama wima akisubiri, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama nafuu.

Lakini Waziri alikuwa anacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mpaka mabegani, akatoa leso akafuta jasho na machozi kwa pamoja.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mwananchi ametakasika. Kumbe hakusema. Nilijua hakusema." Kisha akamgeukia Bi Sikudhani kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha. "Na wewe, bibie, watu elfu moja na mia mbili, kila mmoja na kazi yake, umri wake na mlango wake? Umewatoa kichwani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Miaka yote hii tunahangaika ni swali gani lisilo na hatari. Kumbe hatari haiko kwenye swali. Iko kwenye kwenda kuuliza. Ofisi hii imekuwa ikitafuta mtu wa kipaji chako tangu ilipoundwa. Aliyeweza kubuni mabaya kwa ustadi huu, atashindwa vipi kubuni mazuri?"

Akamteua papo hapo kuwa Mkurugenzi Mkuu. Nikaandika. Akatoka kwenda kumpigia simu Mtukufu, na kwenye korido tukaendelea kumsikia akicheka.

Ndani tulibaki watatu. Bi Sikudhani alikuwa bado amesimama. Kanali alinyoosha mkono polepole, akaivuta ile bahasha kutoka mezani mpaka kwake.

"Hiyo haina kazi tena, Afande," akasema Bi Sikudhani. "Ni nyumba za kubuni."

"Mimi najua ulikwenda, mama. Magari yenu yalirudi na vumbi jekundu la Kibaoni. Mjini hapa hakuna vumbi la rangi hiyo." Sauti yake haikupanda. "Lakini ulichosema kinatufaa sote, na karani ameshakiandika. Hii itakaa kwenye sefu yangu. Sitaifungua, ilimradi na wewe uendelee kuchoka na safari."

Alimfungulia mlango apite. Bi Sikudhani alichukua kimkoba chake chini ya meza, akawa kama hajui akibebee mkono gani.

*

Kuanzia hapo ofisi yetu ilistawi. Zamani tulikuwa tunabishana siku tatu tusipate hata kinyang'anyiro kimoja cha kupima, sasa tulipima vyote. Umeya, ubunge, udiwani, uenyekiti wa soko la ndizi. Tulitangaza kura ya maoni kila Jumatatu, na baadaye Jumatatu na Alhamisi. Tulipima maji, na asilimia tisini na tatu wakasema yanatosha. Tulipima unga. Tulipima hata Mawe Matatu, na shemeji yake Waziri akapata asilimia tisini na sita, nne zilizobaki zikiwa za watu waliompenda lakini walikuwa shambani.

Bi Sikudhani alikaa ghorofa ya juu, ofisi yenye zulia. Kila asubuhi niliingia na kumuuliza, "Leo tunapima nini, Mkurugenzi?" Naye alitazama dirishani akataja jina la kata yoyote. Kisha aliinama akaanza kuandika watu. Aliwaandika kwa uangalifu, na hilo ndilo lililonishangaza. Aliwapa umri, kazi, idadi ya watoto. Wakati mwingine nilimkuta ameshika kalamu juu ya mstari wa jibu kwa robo saa nzima, kana kwamba mtu huyo wa kubuni angebadilisha mawazo. Halafu aliandika "nimeridhika," akageuza karatasi.

Mzee Chitete alistaafu kabla ya wakati wake. Wahojaji arobaini walibaki, wakawa wanakuja asubuhi kusaini na kukaa. Siku ya kuaga, Mzee Chitete alipanda ghorofani.

"Mtaani wananiuliza, mama. Wanasema, mzee, wewe si ulikuwa na wale waliokuja na fomu? Nawaambia nilishahama ofisi siku nyingi."

"Na wao hawajaguswa?"

"Hakuna aliyeguswa."

"Basi," akasema.

"Ndiyo, mama. Basi." Akavaa kofia yake akashuka.

Mwezi uliofuata Bi Sikudhani aliandika barua ya kujiuzulu. Waziri alihuzunika sana, na badala ya kuikataa yeye, kama dikteta, akaagiza ipigwe kura ya maoni ya watumishi. Asilimia themanini na nane walipinga kuondoka kwake. Sikuambiwa nani azijaze fomu hizo, kwa hiyo nilizijaza mimi, nikijitahidi kuiga mtindo wake. Nilipompelekea matokeo aliyasoma yote, mtu mmoja mmoja, akasema, "Umewapa watoto wachache mno." Hakuandika barua nyingine.

*

Sikukuu ya Ridhaa ilipokaribia tena, wageni kutoka nchi rafiki waliomba kuona kwa macho yao jinsi maoni yetu yanavyokusanywa. Hatukuwa na namna ya kuwakatalia. Iliamuliwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe ahoji nyumba moja mbele ya wapiga picha. Kuchagua nyumba aliachiwa Kanali.

Tulikwenda kwa msafara wa magari saba. Bi Sikudhani alikuwa amevalishwa miwani myeusi na kilemba kikubwa cha rangi za taifa, na alikuwa amekonda kiasi kwamba kilemba kilimzidi. Tulipokata kona kwenye mashine ya kusaga, alishika mlango wa gari.

"Afande, hii ni Kibaoni."

"Ndiyo," akasema Kanali, aliyeketi mbele.

"Ulisema hutaifungua bahasha."

"Nimefungua kidogo tu. Nimechukua nyumba moja, tena mwenyewe anafinyanga vyungu, picha zitapendeza. Wengine wamelala humo humo." Akageuka akamtazama. "Nilitaka ukumbuke kwamba wapo."

Mwenye nyumba aliitwa Bi Nyamizi, mjane wa miaka kama sabini, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amewekewa kiti kipya lakini akakaa kwenye kigoda chake. Bi Sikudhani akaketi mbele yake na fomu. Wageni wakajipanga, wapiga picha wakachuchumaa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kalamu ya akiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akauliza swali lililopangwa, iwapo mama ameridhika na huduma za serikali. Bi Nyamizi alifuta udongo kwenye vidole kimoja kimoja.

"Andika tu, mwanangu. Nilijisikia redioni mwezi jana, nilisema vizuri sana. Niandikie yale yale."

Wageni walipotafsiriwa walicheka kwa furaha. Mpiga picha mmoja akaomba wasogeleane, nao wakasogeleana, na hapo vichwa vyao vikawa karibu.

"Na la kweli, mama?" Bi Sikudhani aliuliza kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida.

Yule mama aliendelea kutabasamu kuelekea kwenye kamera, kama alivyoelekezwa.

"La kweli nilishalitoa. Alikuja mama mmoja, akasimama hapo mlangoni akaweka mkono kifuani. Akaniapia jina langu halitatoka."

"Likatoka?"

"Halikutoka. Mwaminifu sana yule. Alilificha lisionekane kabisa, na jibu langu akalificha humo humo." Akamtazama usoni, pale penye miwani. "Wewe ni mkubwa huko ofisini. Unamfahamu?"

Kanali alikuwa ameegemea kizingiti, anafuta miwani yake. Mpiga picha akasema mama wa kilemba ainue uso kidogo.

Bi Sikudhani akainua uso.

"Nilimfahamu," akasema, na akaandika kwenye fomu kwamba mhojiwa ameridhika.